Teke dogo, hesabu kubwa

Katika mashindano makubwa ya bastola kuna meza moja isiyo na mashabiki. Haina shabaha mbele yake wala saa ya kupimia mbio, na mtu akimaliza zamu yake pale hakuna anayempigia makofi. Mshindani anafika na bastola, anazikuta risasi 8 zilizotolewa mapema kwenye mkoba wake bila yeye kuchagua. Moja inavunjwa. Ofisa anaitia kwenye nyundo ya plastiki iliyo wazi ndani, anaigonga kwenye kigogo mara mbili tatu mpaka kichwa cha risasi kinachomoka, baruti inamwagika tumboni mwa nyundo, na kichwa kinawekwa juu ya mizani. Nyingine tatu zinapigwa kupitia kifaa cha kupimia kasi. Kisha linakuja zoezi la kikokotoo.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Chukua uzito wa kichwa kwa greni, zidisha kwa kasi yake ya futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Greni ni sehemu ya 7,000 ya ratili, yaani miligramu 65 hivi. Kichwa cha greni 124, ambacho ni gramu 8, kikitoka kwa kasi ya futi 1,010 kinaleta 125.24, na umepita. Kikitoka kwa futi 1,000 kamili kinaleta 124, na safari yako imeishia hapo. Utaruhusiwa kuendelea kupiga hadi jioni ukitaka, lakini matokeo yako hayatahesabiwa. Sakafu ya mchezo huu, katika kanuni za IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinazofuatwa duniani kote, ni 125.

Kanuni zina huruma kidogo. Risasi tatu za kwanza zikishindwa, zinapigwa tatu nyingine, na katika hizo sita huchukuliwa tatu zilizokimbia kuliko zote. Zikishindwa tena, imebaki moja, na hapo uamuzi ni wa mwenyewe: ipigwe, huenda ikakimbia zaidi, au ivunjwe na kupimwa, huenda kichwa chake kikazidi kile cha kwanza japo kidogo. Watu wazima waliovuka bara kwa ndege husimama pale wakicheza bahati nasibu ya miligramu.

Mtu mwenye akili zake, aliyelipa nauli na kufanya mazoezi ya miezi, kwa nini aje na risasi iliyo jirani hivyo na mstari? Kwa sababu karibu wote wako jirani na mstari, na wamefika pale kwa makusudi. Risasi za kiwandani za milimita 9 kwa kawaida hupita 130 kwa nafasi nzuri tu. Wao wamekaa gereji usiku wakizishindilia risasi zao wenyewe ili wapande juu ya 125 kwa kiasi kidogo iwezekanavyo, maana kila kinachozidi pale kinarudi kwenye viganja vyao kama teke, na teke linainua mtutu, na mtutu ulioinuka unachelewa kurudi kwenye shabaha.

Sheria ya nguvu ilivyozaa ulaini

Jeff Cooper asingefurahi. Ofisa huyo wa zamani wa kikosi cha Marine cha Marekani ndiye aliyekuwa akiandaa mashindano ya bastola huko Big Bear, kwenye milima ya California, mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni kwenye viwanja hivyo ambako Jack Weaver, naibu sherifu wa Los Angeles, alionekana akishika bastola kwa mikono miwili wakati wenzake walikuwa bado wanapiga kwa mmoja, akawashinda mpaka wakaanza kumwiga. Mei 1976 watu wa nchi mbalimbali walikutana Columbia, Missouri, wakaunda IPSC na kumchagua Cooper kuwa rais wa kwanza. Kaulimbiu waliyoichukua ni ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas: usahihi, nguvu, kasi. Mwaka uliofuata ubingwa wa dunia uligombewa Afrika, katika mji wa Salisbury ambao leo ni Harare, na mwenyeji Dave Westerhout akautwaa.

Nguvu haikuwekwa katikati ya maneno hayo kwa mapambo. Cooper alikuwa muumini wa bastola ya .45, ile iliyobuniwa na John Browning na kuingia jeshini Marekani mwaka 1911. Kichwa chake ni greni 230, karibu gramu 15, na kasi yake ni futi 830 hivi. Fanya hesabu ileile: unapata zaidi ya 190. Yeye aliliona shindano kama mtihani wa bastola ya kujihami, na alichelea kwamba wajanja wangekuja na visilaha vyepesi wakawashinda waliobeba chuma cha kweli. Ndipo yakawekwa madaraja mawili. Wenye nguvu kubwa na wenye nguvu ndogo wote hupata pointi 5 wakipiga katikati ya shabaha. Tofauti inaonekana pembeni: risasi iliyoponyoka ikaangukia ukanda wa pili ni pointi 4 kwa daraja kubwa na 3 kwa daraja dogo, na ukanda wa nje kabisa ni 2 dhidi ya 1. Kwa maneno mengine, anayevumilia teke zito anasamehewa makosa kidogo.

Siku za mwanzo nguvu hiyo ilipimwa kwa bembea: gogo zito linaning'inizwa, risasi inapigwa ndani yake, na umbali linaosogea unaeleza msukumo uliobebwa. Kifaa hicho ni cha zamani. Mwanahisabati Mwingereza Benjamin Robins alikieleza katika kitabu chake cha 1742, na wapiga bastola wa karne ya 20 walikitumia kwa sababu ileile ya Robins, kwamba ni rahisi kupima gogo linavyosogea kuliko kukimbizana na kitu kisichoonekana. Vifaa vya elektroniki viliposhuka bei bembea ikawekwa kando, lakini kinachopimwa kimebaki kuwa msukumo, uzito mara kasi.

Mstari wa juu, ule wa daraja kubwa, nao umekuwa ukishushwa. Leo IPSC inadai 170 katika kitengo cha Standard na 160 katika Open, na USPSA, chama cha mchezo huo Marekani, kinaridhika na 165. Pigo kubwa zaidi kwa imani ya Cooper lilikuja na kitengo cha Production, cha bastola za kawaida za dukani, ambamo kila mtu anahesabiwa daraja dogo hata akija na mzinga. Hapo hakuna tena malipo ya kuvumilia. Kilichobaki ni sakafu, na wanamichezo ukiwawekea sakafu watalala juu yake. Mwaka 2023 USPSA ikaanzisha kitengo cha Limited Optics, cha bastola zenye darubini ndogo ya nukta nyekundu, na chenyewe pia kinahesabu daraja dogo tu. Ile nguvu ya katikati ya kaulimbiu imebaki kuwa ada ya kiingilio.

Teke linatoka wapi

Ukisoma hesabu ya mstari harakaharaka utadhani risasi zote zenye kipimo cha 126 zina teke sawa. Hazina, na hapa ndipo wanaojishindilia wanapopata faida yao.

Bastola inaporudi nyuma haiijibu risasi peke yake. Inajibu kila kilichotoka mbele ya mtutu, na baruti iliyoungua nayo imetoka. Haijapotea kwa kuwa moshi. Uzito wake ni uleule, ila sasa ni gesi, na gesi hiyo hutoka kwa kasi inayokisiwa kuwa futi 4,000 kwa sekunde, mara nne ya risasi yenyewe. Kwa mfano wa hesabu tu, greni 6 za baruti zikitoka kwa kasi hiyo zinaongeza 24 kwenye teke ambalo mezani limeandikwa 126. Greni 4 zinaongeza 16. Ofisa wa kipimo hazioni hizo, kwa sababu mizani yake inapima kichwa tu. Mkono unaziona.

Ndiyo maana watu wa daraja dogo wamehamia kwenye vichwa vizito. Kichwa cha greni 147 kinahitaji futi 855 tu kufikia 125.7, na baruti ya kukisukuma kwa mwendo huo ni kidogo kuliko ya kukirusha cha greni 115, kinachodai futi 1,090 ili kufika palepale. Wanachagua pia baruti inayoungua upesi, kwa kuwa ya namna hiyo hufanya kazi kwa dozi ndogo. Slaidi ya bastola hurudi kwa mwendo wa taratibu zaidi, na aliyepiga anahisi kama amesukumwa begani na abiria mwenzake kwenye daladala, pale ambapo risasi nyepesi ya kasi ingemzaba kofi. Kama hisia hiyo inasaidia kweli, watu wanabishana. Wapo mabingwa wanaosema mtutu wa risasi nzito hurudi polepole mno na kuwachelewesha, wakabaki na greni 124. Nijuavyo mimi, mabishano haya hayana mwisho kwa sababu viganja vya watu havifanani.

Katika Open mambo yamepinduliwa. Bastola za huko zina kizibo chenye matundu mbele ya mtutu, na gesi inapotoka kwa kwenda juu inausukuma mtutu chini. Kwa watu hawa gesi ni mfanyakazi. Wanataka baruti nyingi, ya kuungua polepole, nyuma ya kichwa chepesi, na risasi ambayo kwenye bastola ya kawaida ingeumiza viganja inatulia kwao kama maji mtungini. Sauti yake ni adhabu kwa majirani, lakini nukta nyekundu haichezi. Mfaransa Eric Grauffel alitwaa ubingwa wa dunia wa kitengo hicho Ufilipino mwaka 1999 akiwa bado kijana mdogo, na anayetaka kuelewa gesi inafanya nini amtazame mtu wa kitengo hicho kwenye video ya mwendo wa taratibu: moto unaruka juu, bastola inabaki.

Upo pia ukoo mwingine wa walenga shabaha usio na sakafu kabisa. Katika bastola ya mita 25 ya ISSF, shirikisho linalosimamia ulengaji wa Olimpiki, kuna shindano la kaliba kubwa lisilokuwemo Olimpiki lakini lenye ubingwa wa dunia, na kanuni inadai tu kaliba iwe kati ya milimita 7.62 na 9.65. Wengi hutumia .32 S&W Long yenye kichwa bapa kama kizibo cha chupa, kinachokata karatasi tundu la mviringo safi ili mwamuzi asibabaike. Ni risasi ya upole wa ajabu. Katika sehemu ya kulenga kwa utulivu, duara la pointi 10 lina kipenyo cha sentimita 5, na watu hao hawana haja ya nguvu kupita ile ya kuifikisha pale.

Kwenye meza ya gereji

Kazi ya kushindilia inaanza na maganda yaliyookotwa uwanjani. Ganda la shaba ya njano ndilo sehemu ghali ya risasi, na la bastola hutumika tena na tena. Linaoshwa, linaingizwa kwenye mashine ya mkono iliyofungwa mezani, na kila mvuto wa mpini unafanya kazi kadhaa kwa mara moja: fataki iliyokufa, ile ya kuwashia baruti, inasukumwa nje, ganda lililovimba linabanwa kurudi umbo lake, fataki mpya inakaa, baruti iliyopimwa inashuka, kichwa kinapachikwa, mdomo unafinywa. Mashine za kuzunguka za namna hii zilienea kwa wapiga bastola kupitia Mike Dillon wa Arizona. Kabla yake mtu alifanya hatua moja kwa maganda yote, kisha akarudi mwanzo kwa hatua ya pili, na jioni nzima ikaishia kwenye bakuli moja.

Kwamba ganda linaweza kufufuliwa ni bahati ya miaka ya 1860. Wakati huo wanajeshi wawili walibuni fataki kila mmoja kivyake. Ya Edward Boxer, Mwingereza, inakaa juu ya tundu moja la katikati, hivyo sindano moja inatosha kuisukuma nje. Ya Hiram Berdan, Mmarekani, inakaa juu ya matundu madogo mawili ya pembeni, na kuitoa ni kazi ya kuudhi. Historia ikawabadilishia mataifa: Marekani ilishika ya Mwingereza, na majeshi mengi ya Ulaya yakashika ya Mmarekani. Utamaduni wa kushindilia gerejini ulistawi kule ambako sindano moja ilitosha.

Kinachotenganisha wapenzi wa kawaida na washindani huonekana usiku wa kuamkia safari. Mshindani ana kibao cha chuma kilichotobolewa matundu 100, kila tundu likiwa na vipimo vya chemba ya bastola. Anadondosha risasi moja moja. Iliyo sawa inazama mpaka mwisho na kutoa mlio mfupi mkavu. Iliyovimba unywele tu inakwama, kitako kikabaki kimechungulia juu. Hiyo anaitoa na kuitupa kwenye kopo la mazoezi. Kisha anapitisha ncha ya kidole juu ya vitako vyote 100 kutafuta fataki iliyokaa juu zaidi ya wenzake, kwa sababu jicho hudanganyika na kidole hakidanganyiki. Katika mia huenda zikaondoka mbili tatu. Huenda isiondoke hata moja. Kazi hiyo haiongezi kasi wala haipunguzi teke, na ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Hesabu yake hii hapa. Alama za IPSC ni pointi ulizopata zikigawanywa kwa sekunde ulizotumia. Tuseme kituo kimoja cha shindano kina risasi 24 na mtu amepata pointi zote 120 kwa sekunde 15: alama yake ni 8. Risasi laini, tukikisia kwa ukarimu, ingempunguzia 0.03 ya sekunde kati ya risasi na mwenzake katika kila moja ya shabaha 12. Jumla ni 0.36, chini ya nusu sekunde. Sasa risasi moja ikwame. Anatambua, anagonga magazini, anavuta slaidi, anarudi kulenga. Zimekwenda sekunde 3. Pointi zilezile 120 kwa sekunde 18 ni 6.67. Amepoteza sehemu moja ya sita ya kituo kizima kwa ganda moja lililovimba. Anayetafuta ulaini kabla ya kuwa na uhakika kwamba bastola yake itakula kila risasi anatafuta pahali pasipo.

Na ulaini wenyewe ni adui wa uhakika. Bastola ya slaidi inajiendesha kwa teke lake. Ukilipunguza, unaipunguzia chakula: slaidi hairudi mpaka mwisho, ganda tupu linabanwa mlangoni likiwa limesimama kama bomba la jiko, au risasi inayofuata haiokotwi. Dawa ni kubadili springi ya slaidi na kuweka nyepesi zaidi. Lakini springi nyepesi ina nguvu ndogo ya kuisukuma risasi mpya ndani ya chemba, na bastola ikishika masizi mchana wa tatu wa mashindano inaanza kusita. Ndivyo ilivyo kwa fataki pia. Anayetaka kifyatulio chepesi analegeza springi ya nyundo, na nyundo dhaifu haiwashi fataki ngumu. Ndiyo sababu wapiga rivolva waliolegeza bastola zao husaka fataki za Federal, zinazosifika kwa kuwaka kwa pigo dogo. Kila ulaini unaoununua unaulipia mahali pengine.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Baruti nyingine hupoteza kasi kwenye baridi, vifaa viwili vya kupimia kasi havikubaliani sawasawa, na mtutu mmoja una mwendo kuliko mwingine wa aina ileile. Mwenye busara huacha akiba, hujenga risasi ya 128 au 130 nyumbani ili kipimo cha ugenini kisimuaibishe. Mwenye tamaa huishia 126.

Chini ya sakafu kuna shimo

Wasiojua hudhani hatari ya kujishindilia ni kuzidisha baruti tu. Upungufu nao unaua bastola, wakati mwingine na vidole. Risasi iliyokosa baruti, au iliyopewa kidogo mno, fataki peke yake huisukuma mpaka katikati ya mtutu na kuiacha humo. Kinachosikika ni mlio mdogo, usiofanana na wenzake. Mpigaji aliyezama kwenye mbio huenda akavuta tena, na risasi ya pili ikakuta njia imezibwa. Mtutu unavimba au kupasuka. Hivyo msimamizi anayemfuata nyuma kwa saa mkononi husikiliza milio kuliko anavyotazama shabaha, na akisikia ule mdogo humsimamisha mtu papo hapo.

Hatari ya upande wa pili ina historia yake. Risasi ya .38 Special ilizaliwa mwaka 1898 kwa ajili ya baruti nyeusi, iliyokuwa ya wingi, hivyo ganda lake ni refu. Baruti ya kisasa ya kuungua upesi, inayohitajika kwa risasi laini ya shabaha, inakaa chini kabisa ya ganda hilo kama chumvi kwenye kikombe. Ukijisahau ukamimina mara mbili, bado kuna nafasi tele na huoni kitu. Mafundi waangalifu huchagua baruti yenye wingi ambayo ikirudiwa itafurika na kujisema, na hawavuti mpini bila kuchungulia ndani ya kila ganda chini ya taa. Vitabu vya vipimo vya Lyman, Hornady au Vihtavuori ya Ufini vina kiwango cha chini na cha juu kwa kila baruti na kila kichwa, na anayeheshimu cha juu akakidharau cha chini hajakisoma kitabu.

Halafu kuna madini ya risasi. Yamo kwenye vichwa visivyovikwa shaba, yamo kwenye kemikali ya fataki, na yamo kwenye vumbi la mashine ya kuoshea maganda kuliko watu wanavyodhani. Anayeshindilia huku anakula karanga anajilisha sumu.

Kuhusu fedha, zamani jibu lilikuwa rahisi: kujishindilia kunaokoa. Mwaka 2020 ukaja na Marekani ikajikuta na wanunuzi wapya wa bunduki kwa mamilioni, Remington ikafilisika mwezi Julai, na fataki zikatoweka madukani. Kitu kilichouzwa senti tatu au nne za dola kilipanda mara mbili na tatu, kilipopatikana. Wenye mashine za maelfu ya dola walikaa wanazitazama, kwa sababu ganda unaweza kulifufua na kichwa unaweza kukisubu mwenyewe, lakini fataki hutengenezi gerejini.

Huku kwetu hadithi ni nyingine. Wazee wa gobore walijua kushindilia, baruti kwanza, kitambaa, kisha goroli, kila mmoja na kipimo chake kichwani. Risasi ya kisasa haina ruhusa hiyo. Kenya ina Sheria ya Silaha, sura ya 114, na Tanzania ina sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015, na zote mbili zimeweka utengenezaji mikononi mwa wenye leseni. Viwanda vipo, Eldoret na Mzinga pale Morogoro, lakini havikujengwa kwa ajili ya kumtafutia mwanamichezo 126. Afrika Kusini ni tofauti: sheria yake namba 60 ya mwaka 2000 inamtambua mlenga shabaha wa dhati na kumruhusu kushindilia risasi zake mwenyewe, ndiyo maana washindani wake hufika wakiwa na hesabu zao kwenye daftari.

Mpigaji wa Kirigiti, Kiambu, ambako wanachama wa chama cha wamiliki wa silaha wa Kenya hushindana chini ya kanuni za IDPA, mchezo mwingine wa bastola ambao katika vitengo kadhaa una sakafu hiyohiyo ya 125, anabaki na kile ambacho duka limeleta. Si haba. Akipata ya greni 147 badala ya 115 tayari ameshapunguza gesi bila kugusa baruti. Anachoweza kujipimia mwenyewe ni springi: anapiga magazini nzima kwa mkono mmoja uliolegea, na slaidi isipobaki nyuma baada ya risasi ya mwisho, anajaribu springi nyepesi hatua moja. Ikianza kukwama, anarudi hatua moja na kuishia hapo.